Hadithi ya Soda

Shangazi yangu alikuja Bombolulu kuniomba radhi siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, nikiwa nimeinamia cherehani na sare za shule zimenijaa mapajani. Alipiga hodi mara tatu, kama inavyotakiwa. Nilimsikia mara ya kwanza. Nikamwacha afike ya tatu.

"Karibu," nilisema, bila kuinuka.

Aliingia akihema, akavua viatu mlangoni, akaketi kwenye kiti cha wateja. Alikuwa amebeba mkate wa mofa ndani ya mfuko, bado una joto. Nilimwamkia shikamoo kwa sababu nimefunzwa adabu, akaitikia marahaba kwa ile sauti yake. Mwili wa shangazi umezeeka, magoti yamekwisha, macho yana ukungu, lakini sauti haijazeeka hata siku moja. Ni sauti nzito, tamu, inayoingia chumbani na kuketi kabla yake. Naichukia sauti hiyo kuliko kitu chochote nilichopata kukisikia, na ndiyo iliyonilea.

Kwetu, mtu akipata safari ya kuhiji, hazunguki kuaga tu. Huzunguka kuomba radhi, nyumba hata nyumba. Hukaribishwa, hupewa chai, kisha husema maneno ambayo kila mtu anayajua: safari ni ndefu, huenda nisirudi, kama nimekukosea kwa nijualo na nisilolijua, niwie radhi. Nawe hujibu kwamba umemwia radhi, naye akuwie. Mnashikana mikono, mnatoa machozi kidogo, yamekwisha. Hakuna anayeuliza kosa lenyewe ni lipi. Watu wanasema hapo ndipo penye uzuri wa desturi hii, kwamba haimfedheheshi mtu. Mimi naona hapo ndipo penye hila. Aliyekukanyaga kidole kwenye foleni ya maji na aliyekuvunjia nyumba wanapewa neno lile lile, na wote wawili wanapanda ndege wakiwa wepesi.

Alikuwa amemaliza Likoni nzima, alikozaliwa na anakoishi. Alikuwa ameshavuka hadi Mkomani kwa wakwe zake. Mimi ndiye niliyebaki mwisho, na sidhani kama ni kwa sababu ya umbali.

"Mwanangu," alianza, "mimi naondoka, inshallah, mwezi ujao. Safari ni ndefu, na mtu hajui. Kama nimekukosea kwa nijualo na nisilolijua—"

"Lipi ulijualo?" nikamkata.

Aliuweka mkate mapajani. Cherehani nilikuwa nimeisimamisha, na redio ya jirani ndiyo iliyosikika.

"Wataka nini, mwanangu?"

"Nataka ulitaje. Hilo usilolijua nitakusamehe hata sasa hivi, chukua uende nalo. Hilo ulijualo, litaje."

"Mambo ya mama yako," alisema, akitazama mkate.

"Mambo ya mama yangu ni mengi. Alikuwa akipika, akifua, akienda kazini. Yapi?"

"Usinifanyie hivi. Mtu yuwaenda kwa Mola wake."

"Na aende."

Nilikuwa na miaka minane baba yangu alipofariki. Tulikuwa tukiishi Likoni, kwenye nyumba ya ukoo, sisi upande mmoja wa ua na shangazi upande wa pili. Mama hakuwa mtu wa pwani. Alitoka Ukambani kuja kufanya kazi kwenye bohari ya majani ya chai Changamwe, akakutana na baba, akasilimu, akaolewa. Upande wa kina baba haukupata kummeza. Walimwita wifi, wakampelekea sahani ya chakula Ramadhani, wakamsahihisha Kiswahili mbele ya wageni. Baba alipokufa, mama alikaa eda kama inavyompasa mjane, miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, bila kutoka ila kwa dharura. Alikaa vizuri kuliko wengi waliozaliwa humo. Nadhani alitaka kuwaonyesha.

Mwezi wa pili nikashikwa na homa. Siku tatu sikushikilia chochote tumboni, hata maji. Siku ya nne mama alinifunga mgongoni, akajitanda, akatoka kwenda zahanati. Hiyo ni dharura, na hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua kwamba inaruhusiwa. Nilidungwa sindano. Muuguzi akamwambia mama anitafutie kitu cha sukari ninywe, kidogo kidogo. Njiani palikuwa na kioski. Mama akanunua soda ya machungwa. Zamani zile soda ilikuwa ya chupa ya kioo, na chupa haikutoka dukani, ulikunywa pale pale ukairudisha. Mwenye kioski alipoona mwanamke na mtoto mgonjwa akampa mama kigoda chake. Mama akaketi, nami nikanywa. Hayo ndiyo yote yaliyotokea.

Shangazi alikuwa ng'ambo ya barabara, anarudi kutoka Kongowea na gunia lake la viazi juu ya mkokoteni. Alituona. Hakuvuka.

Lazima nieleze kuhusu shangazi na viazi. Kila siku baada ya alasiri alikuwa akikaanga viazi karai mlangoni mwa ua, na watu walikuja kutoka mitaa mitatu, wakati wauzaji wengine walikuwa karibu zaidi na hawakuwa na moshi mwingi hivyo. Walifuata hadithi. Viazi vikishaingia kwenye mafuta, shangazi aligonga ukingo wa karai kwa kijiko kirefu cha kuopolea, mara mbili, ko, ko, na ua mzima ukanyamaza. Nimeona wanaume waliotoka kazini bandarini, wachovu na wenye hasira zao, wamesimama na karatasi ya viazi mkononi hadi vikapoa, wakingoja kujua jini atamfanya nini binti wa waziri. Angeweza kukufanya ulie kwa ajili ya kuku. Sitanii, palikuwa na hadithi ya kuku.

Jioni ile ya soda aligonga karai na kutoa hadithi mpya. Palikuwa na mjane wa sultani, alisema, aliyechoka kukaa eda. Akamwambia mwanawe, jifanye una homa. Akambeba mgongoni akapita kwa walinzi saba wa jumba, na kwa kila mlinzi aliimba wimbo ule ule: "Mwanangu ana homa, nipisheni nipite!" Na walinzi, ambao walikuwa sisi watoto, tulipaswa kuitikia: "Pita, mjane, pita, soda yapata moto!" Maana huko nje, kwenye kigoda, palikuwa na mwanamume anamngoja na soda mbili.

Mbili. Ile ya pili aliiongeza yeye.

Hakutaja jina. Wala hakuhitaji. Kufikia mlinzi wa tatu ua mzima ulikuwa ukiitikia, na wakubwa walikuwa wakitazama dirisha letu. Ilikuwa hadithi nzuri, na hilo ndilo lililoniua. Kama angesema umbea wa kawaida, ungekufa ndani ya wiki mbili kama umbea wote. Lakini aliutia wimbo, akautia walinzi saba, akawapa watoto mahali pa kupiga makofi. Watu wakaiomba tena kesho yake. Watoto wakawa wanaiimba chini ya dirisha letu, na mama ndani, amekaa eda.

Eda ilipokwisha, wazee wa upande wa baba walikutana kuamua nikae wapi. Mama alikuwa amerudishiwa kazi yake Changamwe, na alikuwa amepata chumba cha kupanga huko. Alitaka kwenda nami. Aliongea vizuri siku ile, polepole, akichagua maneno yasije yakasahihishwa. Alipofika kwenye maneno "mtoto huyu alipokuwa na homa," kijana mmoja wa ukoo, aliyesimama mlangoni, akavuma ule wimbo kwa pua. Hakuimba, alivuma tu. Wazee watatu wakainamisha vichwa ili wasionekane wakicheka. Mwalimu wa chuo aliyeitwa kusuluhisha akajifunika mdomo kwa kofia yake. Baada ya hapo mama aliongea na watu ambao walikuwa wanangoja amalize. Nikaachwa kwa shangazi. Mama akaenda Changamwe peke yake.

Nilikuwa nikienda kumwona Jumapili moja moja. Chumba chake kilinuka majani ya chai, nguo zake, hata mto. Alinipikia muthokoi, chakula cha kwao, akanisuka nywele, akaniuliza habari za shule. Jambo lile hakulitaja mpaka akafa, miaka mitatu iliyopita, kwa kifua. Shangazi alikuja mazikoni. Yeye ndiye aliyelia kwa sauti kubwa kuliko wote, na majirani wa Changamwe wakaulizana ni nani huyu aliyempenda marehemu namna hii.

Sasa alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja wangu na mkate wake wa mofa.

"Basi nitalitaja," alisema hatimaye. "Nilimzulia mama yako. Wallahi nilimzulia. Nakuomba radhi wewe, kwa kuwa yeye hayupo, nawe ndiye wake."

"Ulimzulia hapa kwangu?"

"Vipi?"

"Ulimzulia uani, baada ya alasiri, mbele ya watu. Nenda ukalitaje huko huko. Una dua yako ya kuagwa Jumamosi. Watakuja wale wale, waliobaki. Waambie kama ulivyoniambia, nami nitakupa neno lako."

Alinitazama kwa yale macho yenye ukungu, na kwa mara ya kwanza tangu aingie niliona hasira. Nilifurahi kuiona.

"Umekuwa mkavu wewe," alisema.

"Nimelelewa."

Akavaa viatu vyake. Mkate aliuacha.

Jumamosi nilivuka feri mapema, nikiwa na roho ya mtu anayekwenda kuona mwizi akisomewa hukumu. Ua ulikuwa umetandikwa mikeka. Wanaume walikuwa nje kwenye kichochoro, wanawake ndani. Watu walisoma, shekhe akaomba dua ndefu kwenye kipaza sauti, tukaitikia amina, pilau ikaliwa. Lile karai la zamani lilikuwa limeegemezwa ukutani, limeota kutu chini. Ilikuwa karibu saa kumi na moja, saa yake ile ile ya kukaanga.

Shangazi alichukua kijiko akagonga ukingo wa sinia. Ko, ko. Nywele za shingo zilinisimama. Ua ukanyamaza, hata wanawake ambao hawakuwahi kumsikia akisimulia, waliohamia majuzi, walinyamaza bila kujua kwa nini.

"Nina jambo," alisema. "Wifi yangu, mke wa kaka yangu, alikuwa kwenye eda. Mtoto akashikwa na homa. Akatoka kumpeleka zahanati. Akamnunulia soda, akarudi. Ilikuwa halali yake. Mimi nikasema maneno yasiyokuwa. Nilizua. Naomba mnisamehe, na Mola anisamehe."

Basi. Ndivyo alivyosema, kama mtu anayesoma tangazo la kukatwa maji. Yule mwanamke aliyeweza kuwaliza watu kwa kuku. Nilitazama nyuso za wanawake na sikuona kitu. Mmoja alikuwa akimfuta mtoto mdomo. Mwingine aliuliza jirani yake ni wifi yupi. Nilitaka wainamishe vichwa kwa aibu kama wale wazee walivyoinamisha vyao kwa kicheko, na badala yake walikuwa wakingoja sehemu nzuri ifike.

Kisha bibi mmoja wa nyumba ya nyuma, ambaye meno yake yote yamekwisha, akapiga paja lake. "Kwani si ile ya soda hiyo? Ile ya mjane na walinzi!" Naye, palepale, kwa ufizi mtupu, akaanza: "Mwanangu ana homa, nipisheni nipite!"

Ua mzima ukaitikia. Sisemi wazee peke yao. Wasichana wa miaka kumi na tano waliitikia, wanawake waliozaliwa mama akiwa ameshahama, wote, kwa makofi yale yale, mahali pale pale: "Pita, mjane, pita, soda yapata moto!" Wakacheka, wakaangukiana mabegani. Hawakuwa na ubaya wowote. Ilikuwa hadithi ya utotoni mwao, wameipenda, na shangazi alikuwa amewakumbusha.

Nilisimama. Sijui nilitaka kufanya nini, labda kumwaga sinia. Yule bibi akanishika mkono akiwa bado anafuta machozi ya kicheko.

"Lakini hakuna aliyeipatia kama wewe," aliniambia. "Watu, huyu hapa! Huyu alikuwa mdogo hivi, akiigiza ile sauti ya kibara, tumbo zikituuma. Hebu tupe, mwanangu, tupe kidogo."

Nimeandika kurasa hizi zote nikilikwepa jambo hili, na sasa limesemwa na bibi asiye na meno, kwa hiyo nitalimalizia mwenyewe.

Mwezi wa mwisho wa eda ya mama, siku moja shangazi alichelewa mazikoni Mtongwe. Viazi vilikuwa kwenye mafuta, mtumishi wa nyumba ya pili anavigeuza, na watu wamesimama wanangoja. Nikapanda juu ya kigoda, nikachukua kijiko, nikagonga karai mara mbili. Wakanyamaza. Watu wazima, wanaume wa bandarini, walininyamazia mimi. Nikawapa ile ya mjane. Na kwa kuwa nilikuwa nikiishi na mjane mwenyewe, niliweza kufanya ambalo shangazi hakuliweza: nilitoa sauti yake. Ule mvuto wa maneno ya Ukambani, jinsi alivyokuwa akivuta pumzi kabla ya neno gumu, jinsi alivyokuwa akinisukuma juu mgongoni kwa kiuno. Mtu mmoja alicheka hadi kiazi kikamponyoka. Sijapata kuwa na furaha kama ile, si siku ya harusi yangu, si siku nyingine.

Nilipofika mlinzi wa tano nilimwona mama mlangoni mwetu, ameshika ndoo. Nilimwona vizuri. Sikuacha, kwa sababu nilikuwa nakaribia penye utamu. Alingoja hadi nikamaliza na watu wakapiga makofi. Kisha akaweka ndoo chini akasema, ua mzima ukisikia, "Chai yako iko tayari," akaingia ndani.

Na siku ya kikao, wazee walipomaliza kucheka kwa siri, mwalimu aliniita akaniuliza, mtoto mwenyewe wataka kukaa wapi? Nikasema kwa shangazi. Kule kulikuwa na watu wa kunisikiliza.

Nami nilijua. Yule mtoto wa hadithi alikuwa mzima wa afya na soda zilikuwa mbili, lakini mtoto wa kweli nilikuwa mimi. Kati ya watu wote waliokuwa wakicheka pale uani, mimi peke yangu nilijua kwamba soda ilikuwa moja, na niliinywa mimi.

Niliunyofoa mkono wangu kwa yule bibi nikatoka. Nje ya lango, wasichana wanne walikuwa wakiruka kamba, na kamba ilikuwa ikizungushwa kwa wimbo ule. Hawakuwa wamesikia kitu cha ndani. Wao huuimba kila siku. Mmoja, mrefu, mwenye pengo la meno ya mbele, alikuwa akiruka kwa kila neno: pita, mjane, pita.

"Soda ile niliinywa mimi," nilimwambia. Sijui kwa nini nilimwambia yeye. Hasira ilikuwa imenijaa na yeye ndiye aliyekuwa mbele yangu.

Wakacheka. Yule mwenye pengo akaendelea kuruka. "Ilikuwa rangi gani?" aliuliza, kwa kunikejeli.

"Ya machungwa."

"Na mamako alikunywa?"

Miaka yote hii hakuna mtu aliyepata kuuliza swali hilo. "Hata tone," nilisema. "Mkono mmoja alishika chupa, na mkono mmoja alishika kichwa changu, kwa sababu shingo yangu haikuwa na nguvu. Alikuwa na kiu. Alikuwa amenibeba juani tangu asubuhi. Nilimsikia akimeza mate."

Kamba ikasimama. Msichana alinitazama, kisha akanitazama shingo.

"Hiyo ya kichwa sikuiona mimi." Ilikuwa sauti ya shangazi, nyuma yangu, kwenye lango. Alikuwa amenifuata, ameegemea nguzo, anahema.

"Ulikuwa ng'ambo ya barabara."

"Ningeiona hiyo, nisingeweza kuwachekesha watu."

"Ungevuka, shangazi. Gari hazikuwa nyingi siku hizo."

Alinyoosha mkono. "Nimefanya ulivyotaka. Nimelitaja mbele yao. Nipe neno langu, niende."

"Sina neno lako."

"Nilitaja!"

"Ulitaja vibaya. Uongo uliupamba kwa walinzi saba na wimbo, na ukweli umeutupa kama maganda. Unadhani sijui tofauti? Wewe ndiye uliyenifunza."

Alirudisha mkono wake ndani ya buibui. Sikutarajia ajibu, lakini shangazi hajapata kukosa jibu maishani mwake.

"Haya," alisema, taratibu sana. "Mimi nimekuja kwako na miguu yangu mibovu, ukanifukuza. Lakini ninaye wa kumwomba. Wewe, mwanangu, utamwomba nani?"

Nikaenda zangu feri. Akasafiri bila neno langu.

Wiki tatu baadaye, mchana, nikiwa nakula viazi vyangu vya kununua kwa mtu asiye na hadithi yoyote, simu ikaingia ujumbe wa sauti kutoka Makka. Ulikuwa wa dakika kumi na moja. Nilijua ni kuomba tena, nikataka kuufuta. Nikaufungua ili nipate la kukasirikia.

Mwanzoni palikuwa na kelele za wanawake wengi, hema la mahujaji, feni. Kisha nikasikia kitu kikigongwa mara mbili, labda kijiko juu ya bilauri. Ko, ko. Hema likanyamaza.

Aliwasimulia. Palikuwa na mwanamke, alisema, aliyebeba mtoto juani akiwa na kiu yeye mwenyewe. Safari hii aliusimulia ukweli kama alivyokuwa akisimulia uongo, kwa wimbo, kwa kunyamaza mahali pa kunyamaza. Aliuchukua ule mkono wa kichwani, niliompa yule msichana wa kamba, akautumia mara tatu, na mara ya tatu nilisikia mtu hemani akilia. Alitaja mwanamke mmoja aliyesimama ng'ambo ya barabara na gunia la viazi, hakuvuka. Alimtaja mbaya kuliko nilivyopata kumtaja mimi. Na aliitoa sauti ya mama. Alikuwa nayo miaka yote hii, ile pumzi kabla ya neno gumu. Aliipata vizuri kunishinda.

Mwisho wa hadithi mtoto anakua, anarudi kwa mama yake Changamwe, kwenye chumba kinachonuka chai, anapiga magoti. "Mama, soda niliinywa mimi, nawe nikakucheka," mtoto anasema. Na mama, kwa ile sauti, anajibu: "Nilijua, mwanangu. Nilikuwia radhi kabla hujaimaliza. Chai yako iko tayari."

Hema zima likalia. Baada ya hapo shangazi akaisogeza simu mdomoni na kuninong'oneza, amejaa fahari kama siku zile za karai: "Wallahi, mwanangu, wamelia! Hata wale wa Lamu wamelia!" Ujumbe ukakatika. Hata kuniomba radhi alisahau.

Nilimtukana kwa sauti, peke yangu, hadi mteja aliyekuwa anaingia akarudi nyuma. Mama hakusema maneno yale. Mimi sikupiga magoti. Jumapili zote zile nilisukwa nywele nikanyamaza. Amezua tena, kwa macho makavu, ameenda mpaka nyumba ya Mungu na amezua tena, akachuma machozi ya watu kwa kinywa cha mama yangu.

Sasa amerudi, watu wanamwita Hajjati, na neno lake bado sijampa. Ujumbe ule umo kwenye simu yangu. Mara nyingi kabla ya kuwasha cherehani huusogeza hadi dakika ya kumi, pale mama anapojibu, nikausikiliza hadi penye chai, kisha nikaurudisha nyuma. Najua kila neno ni la uongo. Sijaufuta.